Bamvua, Kafara na Dadu: Mganga Apewe Nguvu Kiasi Gani?

Leo nazungumzia mchezo, na ndani ya mchezo huo nimeshikwa na jambo moja tu: mganga apewe nguvu kiasi gani.

Mchezo wenyewe ni ule wa kukaa mezani, au mkekani ukipenda, watu wanne au watano, kila mmoja akijitwalia mhusika wake. Huyu ni nahodha, yule mwindaji, wa tatu mfanyabiashara wa nguo, wa nne mganga. Anayebaki ndiye msimulizi: anaeleza wamefika wapi, wameona nini, nani amewazibia njia. Wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo jambo laweza kwenda huku au kule, dadu hurushwa. Vinavyohitajika ni karatasi, kalamu, dadu na maneno. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ulitoka Marekani mwaka 1974, ukaitwa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa zaidi ya nusu karne wanaoucheza wamekuwa wakibishana juu ya mganga, na ubishi haujesha.

Mimi nimo katika kazi ya kutengeneza mchezo wa aina hiyo kwa Kiswahili, wenye Kilwa ya masultani ndani yake na pwani yote hii hadi Lindi. Vijana ninaocheza nao wanaupenda upande wa uganga kuliko kitu kingine chochote. Ukiwaachia wachague, kila mmoja anataka mkoba wa dawa. Ndiyo sababu nalichukulia suala hili kwa uzito: mkeka ukijaa waganga na nahodha akakosekana, basi kanuni zimekaa vibaya mahali fulani.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Chukua toleo la tano la mchezo huo wa Kimarekani, lililotoka mwaka 2014. Mpiganaji wa daraja la tano hupiga upanga mara mbili katika zamu yake. Mapigo yote mawili yakimpata adui, kwa wastani amemtoa pointi kama 17 za uhai. Mganga wa daraja hilo hilo anatamka afsuni ya mpira wa moto: dadu nane za nyuso sita, wastani wa pointi 28, na moto huo unamla kila aliyesimama ndani ya duara lake. Maadui watano wakiwa wamesongamana pamoja, hizo ni pointi 140 kwa zamu moja, kabla hujawapunguzia waliowahi kujirusha pembeni.

Vijana wakisikia hesabu hiyo hudhani tatizo ni moto. Mimi naona moto unavumilika. Kwa daraja lile mganga anaweza kuuita mara mbili tu kabla ya kupumzika, halafu nafasi zake kubwa zimekwisha, na mwenye upanga bado anao upanga wake mkononi. Kinachoniudhi mimi ni kufuli. Kuna mchezaji aliyechagua kuwa mjanja wa kufuli na kuta, ametumia kila daraja alilopanda kujifunza ufundi huo, na mbele ya mlango uliofungwa anarusha dadu akiwa na wasiwasi. Mganga anasema neno moja, kufuli linafunguka, dadu haikuguswa. Mtafuta njia anahangaika na nyayo; mganga anapaa juu na kuona bonde lote. Msemaji hodari anambembeleza mlinzi. Mganga anamtia mlinzi mapenzi ya uongo. Kila mlango ambao ungekuwa wa mtu mwingine, mganga anao ufunguo wake. Mwishoni wenzake wanabaki kumsindikiza.

Watengenezaji wa michezo wameliona hilo siku nyingi, na wamejaribu njia nyingi. Gygax na Arneson waliazima wazo kutoka hadithi za Jack Vance, mwandishi aliyetoa kitabu cha The Dying Earth mwaka 1950: afsuni ikishatamkwa inafutika kichwani mpaka mganga aisome upya. Wakamfanya mganga mchanga awe dhaifu, bila ngao wala deraya, mwenye afsuni moja kwa siku. Makubaliano yalikuwa kwamba avumilie udhaifu mwanzoni ili atawale mwishoni. Sikubaliani na mapatano hayo. Uonevu wa mwezi huu haufutwi na uonevu wa mwezi ujao kwa mtu mwingine. Huko ni kupokezana uonevu.

Mwaka 2008 likaja toleo la nne, likachukua njia ya kuwasawazisha wote: mpiganaji na mganga wakapewa mbinu zilizopangwa kwa kiunzi kimoja, nyingine za kila zamu, nyingine za mara moja kwa pambano, nyingine za mara moja kwa siku. Uwiano ulipatikana kweli. Lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba ladha ya uganga imepotea, kwamba kuita moto na kuzungusha upanga vimekuwa kitu kimoja chenye majina mawili. Toleo lililofuata likarudi nyuma nusu njia, likaweka sharti la umakini: mganga hawezi kushikilia afsuni mbili kubwa za kudumu kwa wakati mmoja. Hilo ni sharti zuri. Ila nguvu zake bado zinarudi kwa kulala usiku mmoja, na wachezaji si wajinga. Wanapigana asubuhi, mganga anamaliza kila alichonacho, wanajifungia pangoni walale, wanaamka wapya. Mtaalamu wa upanga anayejivunia kwamba yeye hachoki, hapewi nafasi ya kuonyesha hilo.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo nilipopata ninachokitafuta.

Kuna habari ya kale ya Kilwa Kisiwani ambayo Mjerumani Carl Velten aliichapisha mwaka 1907, na wengi wenu mmeisikia kwa wazee kabla ya kuisoma popote. Inasimulia kwamba kisiwa kilikuwa cha Mrimba na watu wake. Akaja Sultani Ali, Mshirazi, akakaribishwa, akaoa binti wa Mrimba, kisha akakinunua kisiwa kwa nguo, nguo zilizotandazwa zikakizunguka kisiwa kizima. Mrimba akahamia bara. Huko akageuza nia, akakusanya watu arudi na vita. Njia yake ilikuwa bahari yenyewe, maana siku za bamvua maji yakitoka, watu walikuwa wakivuka kwa miguu. Watu wa kisiwani wakasoma Kurani, wakatoa kafara, ili maji yasitoke tena. Mrimba akasimama upande wa bara akingoja maji yapwe. Hayakupwa.

Tazama ukubwa wa jambo hilo. Mpira wa moto ni kitu gani mbele ya kuizuia bahari isipwe? Hata hivyo hakuna msikilizaji wa habari hii anayehisi kwamba watu wa kisiwani wamefanya udanganyifu. Tunaikubali, na nimejiuliza sana kwa nini tunaikubali.

Kwanza, dawa ile ina mahali na wakati wake. Ni mlango ule mmoja wa bahari, ni bamvua. Sultani hakwenda nayo hadi bandari ya Sofala akaizuia bahari ya huko. Pili, haikufanywa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Waliisoma watu, na kafara ilitoka mikononi mwa watu. Tatu ni jambo ambalo hulioni mpaka uweke habari hii kando ya nyingine. Tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 inasimulia mkasa huo huo, nguo na majuto na vita, lakini katika sehemu hii wageni walichimba. Waliuchimba mlango ule hadi ukawa na kina, maji yakaujaza, njia ya miguu ikafa. Jambo ni moja na limetendeka kwa njia mbili. Wenye kisomo walilitenda kwa kisomo, wenye majembe wakalitenda kwa majembe.

Hapo nimeandika kanuni ya kwanza ya mchezo wangu, na siiachi hata vijana wakinuna. Hakuna dawa inayofungua mlango ambao mikono ya watu haiwezi kuufungua. Dawa inaweza kuwa ya haraka zaidi, au ya siri zaidi, au ikahitaji watu wachache zaidi. Lakini kama mganga anaweza kuifanya bahari isitoke, basi wachimbaji waliokubaliana, wakapata chakula na siku za kutosha, nao waweze. Mchezaji asiye na dawa asiambiwe kamwe kwamba hili halikuhusu.

Kanuni ya pili imetoka kwenye bamvua. Katika mchezo wangu nguvu za mganga hazirudi kwa usingizi. Dawa kubwa hufanyika siku za bamvua tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji yakiwa mafu, mganga anaishi kwa elimu yake ya kawaida: anaagua, anapiga ramli, anatibu homa na majeraha, anatazama nyota. Kanuni hii ndogo imebadilisha mazungumzo ya mkekani kuliko hesabu yoyote ya dadu niliyowahi kuipanga. Nahodha ana jahazi lake, naye anatazama maji yale yale kwa sababu zake. Mfanyabiashara anaangalia pepo, maana kaskazi imeleta majahazi ya Arabuni na kusi ikianza yatarudi, hataki kubaki na bidhaa mikononi. Mganga anasema tungojeni bamvua. Nahodha anasema ukingoja bamvua hatutamkuta mtu Kilwa. Wanabishana vizuri, kila mmoja kwa hoja ya kazi yake, na mganga mara nyingi anashindwa. Huko kushindwa kwake kwa hoja ndiko kunakomfanya akishinda siku nyingine wote wafurahi.

Kuhusu kafara nimeweka hivi: dawa kubwa inadai kitu kutoka kwa kila aliyepo. Mvuvi atoe wavu wake mpya, mfanyabiashara atoe jora la nguo, mwindaji aape kutoua mnyama mpaka mwezi mwingine. Asiyetaka kutoa ana haki ya kukataa, na akikataa dawa haifanyiki. Mganga hawezi kuilazimisha. Inambidi aeleze, aombe, wakati mwingine abembeleze.

Niongeze hapa jambo ambalo michezo mingi ya nje imelikosa, ingawa si yote. Mwaka 1978 ulitoka mchezo uitwao RuneQuest, na ndani yake takriban kila mhusika ana uganga kidogo. Huo uko karibu zaidi na pwani yetu. Hapa mvuvi ana dawa yake, mwindaji ana yake, nyumba mpya huzindikwa, shamba huwekewa fingo, mtoto huvishwa hirizi. Tofauti ya mganga na wengine ni kwamba yeye anajua kuitengeneza na anajua masharti yake. Kumbe basi hatuna haja ya kuugawa mkeka pande mbili, wenye uganga na wasio nao. Ars Magica wa mwaka 1987 ulilitatua jambo hili kwa kila mchezaji kuwa na mganga wake pamoja na mhusika mwingine wa kawaida, na kupokezana nani anatoka na mganga. Ni njia ya busara kwa wanaocheza pamoja miezi mingi. Kwetu, ambako kijana anaweza kucheza mara tatu kisha akaenda shambani msimu wa korosho, haifai sana.

Sasa nifike penye uzito. Huwezi kutengeneza mchezo wenye uganga ukauweka katika wilaya hizi za Kilwa na Lindi, ukajifanya hujasikia habari ya Vita vya Maji Maji.

Mnaijua. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo Hongo, akatoka na dawa ya maji. Watu wakaenda kwake makundi kwa makundi, na habari ikatembea kwa siri katika vilima vya Umatumbi. Mwishoni mwa Julai 1905, Nandete, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kulima, na vita ikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa bado changa. Boma la Liwale likaanguka mwezi huo huo. Tarehe 30 Agosti, Mahenge, Wapogoro na Wambunga waliliendea boma lenye bunduki za mashine, wakaanguka kwa mamia. Baada ya risasi ikaja njaa, kwa kuwa wanajeshi wa Kijerumani walichoma mashamba na maghala. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliofuata wametaja hadi 300,000.

Mtengeneza michezo asiyefikiri atasema: hiyo ni afsuni ya kuzuia risasi, nayo ilifeli. Nimeshasikia mtu akisema hivyo, tena kwa wepesi. Ni kauli inayowadharau watu wale, na hata kwa kanuni za mchezo ni upungufu wa macho. Tazama dawa ile ilifanya nini hasa. Miaka kumi kabla yake, Hassan bin Omari Makunganya alipigana na Wajerumani katika eneo hili, wakamnyonga Kilwa Kivinje mwaka 1895, na vita yake ikaishia huku. Maji yaliwafanya Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, watu ambao baadhi yao walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, wainuke dhidi ya dola moja ndani ya wiki chache. Hakuna jumbe wala sultani aliyekuwa na uwezo huo. Hiyo ndiyo nguvu ya dawa ile, na ni kubwa kuliko kuzuia risasi.

Tena angalia masharti. Aliyepokea maji hakuruhusiwa kulala na mwanamke, wala kupora mali. Masharti hayo hayakumfunga mganga. Yalimfunga kila mpiganaji. Hapa nimejifunza kitu ambacho sijakiona katika kitabu chochote cha mchezo. Vitabu vyote nilivyosoma vinamtoza mganga peke yake: yeye anapoteza nafasi zake, yeye anachoka, na katika Call of Cthulhu wa mwaka 1981 yeye anapoteza akili. Huku kwetu dawa inawatoza walioipokea. Wote wanaibeba, wote wanaweza kuivunja.

Kwa hiyo katika mchezo wangu anayechukua dawa ya namna hii harushi dadu kuzuia risasi. Risasi inabaki na hesabu yake ile ile siku zote. Anachorushia dadu ni kijiji: je, watu wa kijiji hiki watatuamini? Kila kijiji kinachoingia kinaongeza dadu moja ya ushujaa ambayo mchezaji yeyote, si mganga, anaweza kuichukua siku ya shida. Mmoja akipora, dadu zote za kijiji kile zinaondoka. Nimeona kijana mwenye mhusika mwenye njaa akikaa kimya muda mrefu mbele ya ghala lililojaa mtama, wenzake wakimtazama, hakuna aliyemwambia neno. Kanuni iliyoandikwa kwa mistari miwili ilimfikisha hapo.

Kuna swali ambalo wachezaji wangu huniuliza kila mara: mbona husemi kama maji yanafanya kazi? Sisemi, na ninamtaka msimulizi yeyote atakayeutumia mchezo huu naye asiseme. Risasi ikipita pembeni, imepita pembeni. Mtu akianguka, waliobaki wanaulizana kama alivunja sharti, na msimulizi ananyamaza. Mwandishi Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii ya kusini, aliliona hilo mapema. Katika tamthilia yake Kinjeketile, ya mwaka 1969, mwenye maji mwenyewe anaingiwa na shaka juu ya kile alichokianzisha, na mwishoni, wakoloni wanapotaka akane mbele ya watu, hakubali. Siwezi kuiandika hali ile kwa dadu. Naweza tu kuiachia nafasi.

Na kuna msemo ambao sote tumekua nao, mganga hajigangi, ambao nimeuchukua kama ulivyo nikaufanya kanuni. Dawa ya mganga haimwingii mganga mwenyewe. Akiumwa atibiwe na mwingine. Akitaka kinga, aende kwa mganga mwenzake, alipe ada kama watu wote. Kanuni hii imepunguza kelele za "mganga ana nguvu mno" kuliko zote. Mtu anayeweza kumkinga nahodha na asiweze kujikinga, anataka nahodha aishi. Anasimama nyuma ya mwindaji kwa sababu za kweli. Shujaa wetu wa kaskazini, Fumo Liyongo, hakuna silaha iliyompenya isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri ile ndiyo iliyomfanya awe binadamu kwetu. Mganga wangu naye ana pengo lake, tofauti ni kwamba lake linajulikana na kila aliyekaa mkekani.

Nimebakiza jambo moja, nalo nalisema kwa moyo mzito. Mtoto mmoja aliwahi kupendekeza kanuni ambayo anaiona kwenye filamu: dawa kubwa ilipwe kwa mtu. Mganga amtoe mtu, apate nguvu. Nilikataa, na nilikaa nao nikawaeleza sababu zangu mbili.

Ya kwanza ni ya mchezo. Gharama ambayo unaweza kuitupa kwa mwingine si gharama. Wanakijiji wa mchezoni ni maneno ya msimulizi tu. Mganga akiruhusiwa kulipa kwa uhai wao, basi ana hazina isiyokwisha, na uwiano wote niliouhangaikia umevunjika jioni moja. Malipo yatoke kwa wale waliokaa mkekani, kwenye karatasi zao, kwenye vitu walivyovipata kwa jasho.

Ya pili ni ya nchi yetu. Tumezika watu wenye ualbino, wakiwemo watoto, waliouawa kwa sababu mtu aliambiwa viungo vyao ni dawa ya utajiri. Bibi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Januari 2015 serikali ilifika mahali pa kupiga marufuku waganga wasiosajiliwa kwa sababu ya mauaji hayo. Katika nchi yenye makaburi hayo, siweki mikononi mwa kijana wa miaka 15 karatasi inayosema mwili wa mtu mwingine unanunua nguvu, hata kama ni mchezo, hata kama anayetolewa hana jina. Msimulizi anaweza kumweka katika hadithi mtu mwovu anayeamini hivyo, na wachezaji wakapambana naye. Lakini kanuni za mchezo zisimpe malipo. Akimwua mtu, amekuwa muuaji tu, na dawa haikupatikana.

Wapo wanaoniambia kwamba masharti yote haya yatamchosha mchezaji, kwamba kijana anataka moto utoke mkononi sasa hivi. Wa namna hiyo wapo, na michezo yao ipo, mizuri, iliyotengenezwa kwa ustadi. Wanaokaa mkekani kwangu nimewaona wakianza kwa kutaka moto. Baada ya muda wanaanza kuulizana bamvua ni lini.

Kilichobaki ni kazi ambayo siwezi kuimaliza peke yangu. Sehemu ya bahari ya mchezo huu bado ina mapengo. Masharti ya mganga wa bara nimeyapata ya kutosha, lakini miiko ya chombo, yale ambayo nahodha hakubali yasemwe wala yafanywe jahazi likishang'oa nanga, ninayo machache mno. Wazee wa Kisiwani, wa Songo Mnara, wa Sanje ya Kati na wa Kivinje, na ninyi mnaovua hadi Mchinga na Lindi, mnayajua. Mnaoweza kunisimulia, nifikieni kupitia studio hii, kwa sauti au kwa kumtuma mjukuu aandike. Nataka hasa kujua mwiko ukivunjwa katikati ya safari ni nani anayeanza kutoa kafara, yule aliyevunja au nahodha, kwa sababu nahodha wangu wa mchezoni kwa sasa hana kanuni ya hapo, na vijana wanasafiri naye Jumamosi.